Komwe 54 juu ya mkeka: mapitio ya darasa la utawala wa soka, Lamu

Tangazo lilikuwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani karibu na gati, na lilisema kwa herufi nene kwamba kutakuwa na darasa la jioni nne, baada ya sala ya Isha, kuhusu namna Shirikisho la Soka Barani Afrika, yaani CAF, linavyoendeshwa na ni nani wanachama wake. Ada ilikuwa shilingi 1,500. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa kwa mwaka wa sita sasa. Nimeandika barua nyingi za malalamiko kuhusu ratiba, marefa na kadi za wachezaji, na mara nyingi sikujua barua hizo zinapaswa kuishia meza gani. Kwa hiyo nililipa siku ile ile, nikahudhuria jioni zote nne, na sasa ninaandika mapitio haya kwa ajili ya makatibu, makocha na wachezaji wa Lamu, Shela, Matondoni na Mokowe ambao wameniuliza kama inafaa kulipa ada hiyo darasa litakaporudiwa.

Jibu langu ni kwamba inafaa, tena inafaa sana kwa jioni tatu za mwanzo. Jioni ya nne ndiyo yenye kasoro kubwa, na kasoro hiyo inatugusa sisi wa huku chini kuliko mtu mwingine yeyote. Nitayaeleza yote mawili kwa kirefu, kwa kuwa mwalimu alifanya kazi ya kuheshimika, na mtu wa namna hiyo anastahili kusifiwa kwa aliyoyafanya vizuri na kuambiwa waziwazi aliyoyaacha.

Darasa lilifanyika Langoni, katika orofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye kuta nene za matumbawe, ndani ya chumba kirefu na chembamba kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba za mji wetu. Tulikuwa watu 23, wanaume kwa wanawake, wengi wetu tukifahamiana kwa sura kutoka viwanjani. Hapakuwa na projekta. Palikuwa na ubao mweupe mdogo, birika la kahawa chungu, sahani mbili za tende, mkeka mkubwa uliotandikwa katikati, na mfuko wa kitambaa ambao mwalimu aliuweka mbele yake bila kusema ndani mna nini.

Alipoanza aliufungua mfuko ule akamwaga komwe za bao juu ya mkeka, kisha akamwomba kijana mmoja azihesabu kwa sauti. Zilikuwa 54. Mwalimu akasema kwamba hao ndio wanachama kamili wa CAF, wote bila kubaki hata mmoja, na kwamba kabla ya mtu kuzungumzia rais, kombe au fedha ni lazima kwanza aweze kuwapanga wanachama hao mahali pao. Akazigawa komwe katika mafungu sita, akiyataja moja baada ya jingine huku akiyasukuma pembeni mwa mkeka kwa kiganja: komwe 5 za Afrika Kaskazini, ambazo umoja wao huitwa UNAF, komwe 9 za WAFU A na 7 za WAFU B, ambazo ni Afrika Magharibi iliyokatwa mapande mawili, komwe 8 za UNIFFAC, yaani Afrika ya Kati, komwe 11 za CECAFA, yaani Afrika Mashariki, ambako ndiko tuliko sisi, na komwe 14 za COSAFA, kanda ya kusini, iliyo kubwa kuliko zote. Majina hayo nilikuwa nimeyasikia redioni tangu utotoni bila kuyapa umbo. Usiku ule yalikuwa mafungu ninayoweza kuyagusa.

Kisha akachukua komwe mbili, moja kutoka fungu la WAFU B na moja kutoka COSAFA, akazipitisha mikononi mwetu. Ya kwanza, alisema, ni Nigeria, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200. Ya pili ni Shelisheli, yenye watu laki moja na ushei. Akatuuliza ipi nzito. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha, na hilo ndilo alilotaka tulione: katika Mkutano Mkuu wa CAF kila chama kina kura moja, na kura ya Shelisheli haipungui kwa ajili ya udogo wa visiwa vyake wala ya Nigeria haiongezeki kwa ajili ya wingi wa watu. Nimesoma maelezo marefu ya jambo hilo hilo magazetini na sikuwahi kulishika kama nilivyolishika nilipokuwa na komwe mbili mkononi.

Jambo la pili alilolisisitiza, na ambalo naona wengi wetu tulikuwa tumelikosea kwa miaka, ni nani hasa aliye mwanachama. Mwanachama wa CAF ni chama cha soka cha nchi. Serikali haimo, timu ya taifa haimo, wala klabu haimo, hata iwe kubwa kiasi gani. Kwa Kenya mwanachama ni FKF, yaani Shirikisho la Soka Kenya. Gor Mahia, iliyotwaa Kombe la Washindi barani mwaka 1987 baada ya sare mbili na Espérance ya Tunis, ilishiriki kwa kupitia chama cha nchi yake, na lau chama hicho kingekuwa kimefungiwa siku hizo, klabu ingebaki nyumbani. Chama hicho hicho kina uanachama mwingine, ule wa FIFA, ambayo ina vyama 211 duniani kote. CAF yenyewe si mwanachama wa FIFA. Vyama ndivyo wanachama wa pande zote mbili. Mwalimu aliirudia sentensi hiyo mara tatu katika jioni nne, na hakukosea kuirudia.

Historia aliipa muda wa kutosha bila kuturundikia tarehe. Mazungumzo ya kuunda shirikisho yalifanyika Lisbon mwezi Juni 1956, wakati wa mkutano wa FIFA, na shirikisho lenyewe likazaliwa Khartoum tarehe 8 Februari 1957 likiwa na wanachama wanne tu: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Aliziweka komwe nne peke yake katikati ya mkeka, halafu akaiondoa moja. Afrika Kusini haikucheza Kombe la Mataifa ya Afrika la kwanza lililofanyika mwezi ule ule mjini Khartoum, kwa kuwa wakuu wa soka wa nchi hiyo hawakukubali kupeleka timu iliyochanganya weusi na weupe, na baada ya hapo ikatengwa kwa miaka mingi, ikarudi mwaka 1992, ikaandaa kombe mwaka 1996 na kulitwaa. Wanachama waliobaki watatu ndio waliocheza, na Misri ikaifunga Ethiopia 4-0 katika fainali. Shirikisho lililoanza na timu tatu uwanjani ndilo leo lenye komwe 54. Kwa hakika nilipoiona ile nafasi tupu kubwa juu ya mkeka nilielewa kazi iliyofanywa na watu wa kizazi kile.

Kutoka hapo aliingia katika mwaka 1966, ambao naona ungestahili jioni nzima. Wakati ule Afrika ilitakiwa kugombea nafasi moja tu ya Kombe la Dunia pamoja na mabara mengine, na vyama vya Afrika vikakubaliana kususia mashindano ya kufuzu, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mstari wa mbele. Kombe likachezwa Uingereza bila timu hata moja ya Afrika. Lakini kufikia kombe la 1970 bara lilikuwa limepewa nafasi yake lenyewe, ambayo Moroko waliichukua. Kwa kombe la 2026 Afrika ilipewa nafasi 9 za moja kwa moja, na moja zaidi ya kugombewa kupitia mchujo wa mabara. Mwalimu alitaka tuone kwamba nafasi hizo zimetokana na vyama kusimama pamoja mkutanoni, na kwamba uanachama una maana pale unapotumiwa hivyo. Nakubaliana naye kabisa.

Jioni ya pili ilikuwa ya uchaguzi, na ndiyo iliyonivutia zaidi kwa namna ilivyopangwa. Mwalimu alizikusanya komwe zote akazifanya fungu moja, akatueleza kwamba tarehe 16 Machi 2017 vyama 54 viliketi Addis Ababa kumchagua rais, na kwamba aliyekuwa kitini, Issa Hayatou wa Kamerun, alikuwa ameshika nafasi hiyo tangu mwaka 1988. Watu wachache sana, alisema, waliamini kwamba angeweza kuondolewa. Kisha akaanza kuhesabu komwe, moja kushoto, moja kulia, polepole, mpaka upande wa kushoto ukawa na 34 na wa kulia 20. Wa kushoto alikuwa Ahmad Ahmad wa Madagaska. Chumba kizima kilikuwa kimya, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akasema, "Kumbe ni komwe saba tu, mwalimu." Mwalimu akamwambia, "Ndiyo, ami. Saba zikihama, matokeo ni sare. Nane zikihama, anabaki yule yule." Sijui kama kuna njia iliyo bora zaidi ya kumfundisha katibu wa timu ya mtaa thamani ya kura moja.

Niseme pia alipopungukiwa. Alitaja kwamba Patrice Motsepe wa Afrika Kusini alichaguliwa Rabat mwezi Machi 2021 na kuchaguliwa tena Cairo mwezi Machi 2025, mara zote mbili bila mpinzani, akapita haraka kama mtu anayesoma orodha. Baada ya kutuonyesha kwa makini kiasi kile uzito wa komwe moja, ilimpasa atueleze nini maana ya uchaguzi ambao komwe hazikuhitaji kuhesabiwa, ni mazungumzo gani hutangulia uchaguzi wa namna hiyo, na kama vyama vinapata faida au hasara kwa kukubaliana mapema. Niliuliza, na jibu lilikuwa la heshima lakini fupi mno.

Saa iliyobaki ya jioni ile ilikuwa ya Zanzibar, na hapo nilimwona mwalimu akifundisha kwa moyo wake wote. Wengi wetu tuna ndugu Unguja. Hakuna aliyekuwa akilisikiliza jambo hilo kama habari za mbali. Alichukua kokwa ya tende kutoka sahanini, akaifuta kwa leso, akaiweka ndani ya fungu la CECAFA. Hiyo, alisema, ilikuwa Machi 2017, katika mkutano ule ule wa Addis Ababa, ambapo Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa 55. Halafu akaitoa akaiweka ukingoni mwa mkeka, nusu juu ya ukili na nusu juu ya sakafu. Hiyo ilikuwa Julai ya mwaka huo huo, Rabat, uanachama ulipofutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili na kwamba Tanzania tayari ina chama chake. Zanzibar ikabaki mwanachama mshiriki, kama ilivyokuwa awali: klabu zake hucheza mashindano ya klabu ya Afrika, timu yake hucheza Kombe la Chalenji la CECAFA, lakini haina kura katika Mkutano Mkuu wala haishiriki kufuzu kwa Kombe la Mataifa. Akaongeza kokwa ya pili pembeni yake, Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, ambacho nacho ni mshiriki tu.

Bibi mmoja ambaye ni kocha wa wasichana akauliza kwa nini basi Uingereza ina vyama vinne, na kila kimoja kina kura yake FIFA. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya jioni nne. Mwalimu alijibu kwamba vyama hivyo vilikuwapo kabla ya FIFA kuundwa mwaka 1904, na katiba ya FIFA imevitambua kimoja kimoja kwa namna ya pekee ambayo haikufunguliwa kwa wengine. Hakujaribu kutulazimisha tuone kwamba hiyo ni haki. Alitukumbusha tu kwamba mwezi Desemba wa mwaka ule ule wa 2017 Zanzibar waliingia uwanjani Machakos kwenye fainali ya Chalenji dhidi ya Kenya, wakatoka sare ya 2-2 na kushindwa kwa penalti tu. Niliitazama ile kokwa ya tende pale ukingoni mpaka darasa lilipokwisha.

Sasa nije kwenye kijitabu, kwa sababu ni sehemu ya ada na wengine watakinunua peke yake. Ni kurasa 16 za fotokopi zilizobanwa kwa pini, zimeandikwa kwa Kiswahili safi kinachosomeka, na kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa katiba na kanuni za soka huletwa mikononi mwetu kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata wenye elimu hukisoma kwa kuviringa ndimi. Lakini ukurasa wa 3 una kosa ambalo halikupaswa kupita. Komoro imewekwa ndani ya CECAFA. Mama mmoja ambaye nyanya yake alitoka Ngazija ndiye aliyeligundua, tena kwa njia rahisi: alihesabu majina ya kijitabu akapata CECAFA 12 na COSAFA 13, ilhali juu ya mkeka kulikuwa na komwe 11 na 14. Mwalimu alikubali kosa papo hapo, akatuomba tusahihishe kwa kalamu. Ninalielewa kosa hilo, kwa maana kwetu sisi wa pwani Komoro ni jirani kwa lugha, kwa dini na kwa majahazi, na mtu angedhani mahali pake ni pamoja nasi. Mafungu ya CAF hayafuati undugu wa namna hiyo. Mauritania nayo iko WAFU A pamoja na Senegal na Mali, haiko UNAF pamoja na Waarabu wenzake wa Kaskazini.

Kosa hilo lilizaa mazungumzo yenye manufaa kuliko kurasa nyingi za kijitabu. Mwalimu aliitumia Komoro kuonyesha kile ambacho mwanachama mdogo anaweza kukifanya. Mwezi Januari 2022 waliifunga Ghana 3-2 katika Kombe la Mataifa lililofanyika Kamerun, jambo ambalo wapenzi wote wa soka wanalikumbuka. Lakini kuna jambo ambalo wengi hatukulijua: Kanizat Ibrahim, mwanamke wa Komoro, aliingia katika safu ya makamu wa rais wa CAF mwaka 2021. Nchi ndogo ya visiwa yenye komwe moja ilipata mtu katika meza ya juu. Wanawake waliokuwa chumbani waliandika jina hilo wote, na mimi pia.

Kuhusu kazi ya kanda, darasa lilikuwa na manufaa ya moja kwa moja. Kanda si mapambo ya ramani. Kupitia kwazo timu huchujwa kwa mashindano kadhaa, yakiwamo ya vijana, ya shule na ya klabu za wanawake. Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF ilipoanza mwaka 2021, Vihiga Queens ya Kenya ilishinda mchujo wa CECAFA na hivyo ikaenda Misri kuiwakilisha kanda nzima. Kwa hiyo kocha wa wasichana wa Lamu anayejua njia hiyo anajua pia ngazi ambazo mchezaji wake angepanda, tangu kiwanja cha mtaa mpaka Cairo.

Vyombo vya ndani vya CAF alivieleza kwa haraka, na nitafanya vivyo hivyo. Mkutano Mkuu ndio wenye kauli ya mwisho. Kamati ya Utendaji huamua mambo kati ya mkutano mmoja na mwingine. Kamati za kudumu hushughulikia mashindano, marefa, tiba na mengineyo. Vyombo vya nidhamu na rufaa husikiliza mashauri. Na sekretarieti iliyoko Misri, karibu na Cairo, chini ya katibu mkuu, hufanya kazi ya kila siku. Aliyeshindwa katika rufaa anaweza kwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi. Mfano wake ulikuwa Moroko, waliokataa kuandaa Kombe la Mataifa la 2015 kwa tarehe zilizopangwa kwa kuhofia Ebola, wakafungiwa na CAF kushiriki mashindano mawili yaliyofuata na kutozwa faini ya dola milioni moja, kisha mahakama hiyo ikafuta kifungo na kuishusha faini hadi dola 50,000. Mfano mmoja ulitosha.

Jioni ya tatu ilikuwa ya Kenya, na hapa chumba kilipata joto. Mwalimu alianza na uamuzi wa Julai 2017 wa kupanua Kombe la Mataifa kutoka timu 16 hadi 24, akatuonyesha kwamba Harambee Stars, timu yetu ya taifa, waliomaliza wa pili nyuma ya Ghana katika kundi lao, walikwenda Misri mwaka 2019 katika kombe la kwanza lililochezwa kwa idadi hiyo mpya. Uamuzi wa mkutano wa Rabat ulitufikia sisi tuliokuwa tumekaa mbele ya televisheni Mkomani tukiitazama Kenya ikiifunga Tanzania 3-2. Baada ya furaha hiyo akaja kwenye maumivu. Nafasi ya kuandaa Kombe la Mataifa la 1996 tuliipoteza. Mashindano ya CHAN ya 2018, yale ya mataifa kwa wachezaji wa ligi za ndani, tuliyapoteza pia, yakapelekwa Moroko. Mwezi Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya baada ya serikali kuuvunja uongozi wa FKF na kuweka kamati yake, na kifungo hicho kikadumu mpaka Novemba. Katika kipindi hicho tukaondolewa katika kufuzu kwa Kombe la Mataifa la 2023 pamoja na Zimbabwe.

Kijana mmoja aliuliza kwa uchungu kwa nini wachezaji waadhibiwe kwa ugomvi wa wakubwa. Mwalimu hakumjibu kwa maneno ya kubembeleza. Aliitoa komwe ya Kenya kutoka fungu la CECAFA, akaiweka kwenye kiganja cha kijana yule, akamwambia aishike mpaka darasa liishe. Akaeleza kwamba katiba za FIFA na CAF zinadai chama kiendeshwe na watu waliochaguliwa na wanachama wake bila mkono wa nje, na kwamba kanuni hiyo imewekwa ili waziri au mwanajeshi yeyote asiweze kuamka asubuhi na kukitwaa chama. Lakini akakiri kwamba kanuni hiyo hiyo inaweza kuwa pazia la kuficha matumizi mabaya ya fedha, na kwamba anayeumia kwanza ni yule aliyefanya mazoezi. Nilipenda uwazi huo. Ni vigumu kuwa na msimamo wa haki katika jambo hilo, naye aliushika. Alimalizia kwa habari njema: CHAN iliyochezwa Agosti 2025 katika Kenya, Tanzania na Uganda, ambapo Kenya ilizifunga Kongo ya Kinshasa, Moroko na Zambia kabla ya kutolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali, na Kombe la Mataifa la 2027 ambalo nchi hizo tatu zilipewa kwa pamoja mwezi Septemba 2023.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni muda. Darasa lilitangazwa kumalizika saa nne kasorobo usiku, na jioni mbili kati ya nne lilimalizika karibu saa tano. Wenzetu wa Shela na Matondoni walilazimika kukodi mashua peke yao kwa bei ya usiku, na mmoja wao hakurudi jioni ya nne kwa sababu hiyo. Ya pili ni cheti. Hakuna mahali popote katika tangazo palipoandikwa kwamba cheti kinalipiwa shilingi 300 zaidi, na si haki kumwambia mtu jambo hilo jioni ya mwisho wakati jina lake limekwisha kuandikwa juu ya karatasi. Ya tatu ni ngazi. Mzee wetu wa dirishani alipanda kila jioni kwa kushikwa mkono, ingawa nyumba ile ile ina ukumbi wa chini uliokuwa mtupu.

Ya nne ndiyo kubwa. Jioni ya mwisho iliahidiwa kuwa ya "kutoka Cairo mpaka mtaani", na hiyo ndiyo iliyonifanya nilipe ada. Mwalimu alitumia saa nzima ya kwanza kurudia kanda sita, kisha akatumia muda mrefu kueleza namna FIFA inavyogawa nafasi za Kombe la Dunia, na ilipobaki nusu saa ndipo akachora ubaoni mstari unaotoka FKF kwenda tawi la kaunti, na kutoka tawi kwenda klabu. Alisema, na ni kweli, kwamba wajumbe wa matawi ya kaunti pamoja na wawakilishi wa klabu za ligi za juu ndio wanaoketi katika mkutano wa FKF, na kwamba uchaguzi wa Desemba 2024 ulifanywa na wajumbe. Hapo akaishia. Hakutueleza katibu wa timu ya Lamu anatakiwa kuwasilisha nini ili klabu yake itambuliwe kuwa mwanachama wa tawi, barua ya rufaa inapaswa kufika kwa nani na ndani ya siku ngapi, wala namna ya kuomba kuiona katiba ya tawi. Nilimwuliza mambo hayo matatu kwa sauti. Alisema angehitaji kuangalia.

Simlaumu kwa kukosa jibu la papo hapo. Ninalaumu mpangilio uliompa Cairo jioni tatu na kaunti nusu saa, kwa sababu kila alichotufundisha kuhusu uzito wa komwe moja kinasimama juu ya klabu ndogo zinazomchagua mjumbe wa tawi, naye akaenda kumchagua mtu atakayeishika komwe ya Kenya mkutanoni. Klabu isiyosajiliwa ipasavyo imo nje ya mkeka kama ile kokwa ya tende.

Nimewaandikia waandaaji nikiwaomba mambo manne: jioni ya nne yote iwe ya tawi la kaunti na karatasi zake, mtu aliyewahi kuwa mjumbe wa tawi aalikwe kuisaidia, ukurasa wa 3 usahihishwe kabla ya kuchapwa tena, na darasa lihamie ukumbi wa chini lianze baada ya Magharibi ili wa Shela na Matondoni wawahi mashua. Wamejibu kwamba darasa litarudiwa na kwamba mawili ya kwanza wanayakubali. Kwa sharti hilo ninawashauri makatibu wote walipe, waende na daftari, na wachukue vitabu vya usajili vya timu zao pamoja na barua zozote walizowahi kuandikiana na tawi, ili maswali ya jioni ya nne yaulizwe juu ya karatasi halisi. Makocha wa wasichana wasikose jioni ya tatu. Anayetaka historia peke yake anaweza kununua kijitabu kwa shilingi 200, akasahihisha Komoro kwa kalamu.

Mimi nitarudi kwa jioni ya nne, na barua yangu ya rufaa ya msimu uliopita nitaibeba.